Kadi Yako ni Amana au ni Deni?

Miezi michache iliyopita nilijikuta Oldonyiro, upande wa magharibi wa Isiolo, baada ya safari ya vumbi jingi kupitia Kipsing. Nilikwenda huko kusikiliza nyimbo za wafugaji, kwani hiyo ndiyo kazi niipendayo, lakini niliporudi nilikuwa na jambo jingine kifuani, nalo halikuwa wimbo. Lilikuwa ni kadi ya plastiki, ndogo kama kiganja cha mtoto, ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Mbuzi walikuwa wengi, na wanunuzi waliotoka mbali walikuwa wakiwapapasa migongo kwa macho ya watu waliokwisha kupiga hesabu. Mimi nilikaa kwenye benchi nje ya duka moja, nikinywa chai. Akatoka dukani mama mmoja mtu mzima, ushanga shingoni, mkononi amebeba mfuko wa unga, sukari na majani ya chai. Alifuatana na mjukuu wake, msichana aliyevaa sare ya shule. Alipoiona kofia yangu na kalamu mfukoni, akasema neno kwa Kisamburu, na yule msichana akanitafsiria: "Mzee, bibi yangu anaomba umsomee karatasi hii. Inasema ngapi?"

Ilikuwa risiti iliyotoka kwenye mashine ndogo ya malipo, imetiwa ndani ya mfuko pamoja na unga. Nikaisoma. Ilisema kwamba siku ile, saa ile, zimetolewa shilingi 5,400.

Yule mama akasikiliza tafsiri, akaitazama ile karatasi, kisha akafungua ncha ya nguo yake na kunionyesha alichopewa mkononi. Zilikuwa shilingi 700. Akahesabu kwa vidole, unga kiasi gani, sukari kiasi gani, majani kiasi gani. Vidole vilikwisha lakini hesabu haikutimia. Ndipo akauliza swali ambalo sijalisahau: "Mwanangu, basi mimi nimelipa deni la nani?"

Nikaingia dukani kuuliza. Mwenye duka hakunifukuza. Alinijibu kwa adabu, akaniita "ustadh". Akavuta droo, na mle ndani nikaona kadi nyingi zimefungwa kwa mpira, kama karata kabla hazijachanganywa. Kila kadi ilikuwa na kijikaratasi, na juu ya kijikaratasi tarakimu 4. Sina haja ya kueleza tarakimu zile zilikuwa za nini. Akafungua na daftari lake, akanionyesha ukurasa wa yule mama: madeni ya siku za ukame, unga leo, maharagwe kesho, na mengine bado hayajakwisha. "Wakati wa ukame," akasema, "nani mwingine aliwapa chakula?"

Wasomaji wapenzi, huenda mtu akauliza, ukurasa huu ni wa utamaduni. Kadi za fedha zina uhusiano gani na utamaduni? Jawabu langu ni kwamba zina uhusiano mkubwa, kwa sababu tatizo la yule mama si kadi tu. Tatizo ni kwamba amepewa kitu kigeni bila ya kupewa maneno ya kukielewa, na ilhali maneno hayo yamo katika lugha zetu tangu zamani.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Kenya tumezoea kusema "sina krediti" tukiwa na maana kwamba simu imekwisha pesa. Wengine wamelifupisha wakasema "kredo". Lakini krediti kwa asili yake ni mkopo, na ile kadi ya simu ya kukwangua haikuwa mkopo hata siku moja. Ilikuwa ni fedha tuliyokwisha kuitoa mfukoni kabla ya kusema hata neno moja. Ndugu zetu wa Tanzania walipata jina zuri zaidi, wakasema "vocha" na "salio". Mkopo hasa ulikuja baadaye, kwa jina tamu la kipwani, Okoa Jahazi, ambapo kampuni hukupa muda wa maongezi leo na kukata asilimia 10 kwa ajili yake. Mwaka 2019 ukaja mkopo mwingine, Fuliza, unaokuwezesha kulipa hata kama salio la M-Pesa halitoshi. Basi tumekuwa watu tunaoita amana yetu deni, na deni letu tunaliita wokovu. Mtu aliyechanganyikiwa katika majina hawezi kuwa mwangalifu katika matumizi.

Kwa hiyo naomba tuyaweke majina mahali pake. Kadi za fedha, kwa mtumiaji wa kawaida, ni za namna 3.

Ya kwanza ni kadi ya kulipia kabla. Hii ni kama mtungi: unatia maji kwanza, kisha unateka. Huwezi kuteka usichotia. Haikudai kuwa na akaunti ya benki, na aliyeipata kwa wizi hawezi kuchukua zaidi ya kilichomo. Ya pili ni kadi ya akaunti, ambayo ni kama kata ya kutekea kisimani: fedha haimo ndani ya kadi bali imo benki, na kadi ni njia tu ya kuifikia. Ya tatu ni kadi ya mkopo. Hiyo haina mtungi wala kisima. Unateka maji ya mwenzio, na mwezi ukiandama anakuja kuyadai pamoja na ziada yake. Zote 3 zina umbo moja na huingia katika mashine moja, na aghalabu zote zina rangi za kupendeza. Tofauti zake hazionekani kwa macho.

Sasa turudi Kaskazini. Kadi hazikufika huko kwa bahati. Mpango wa kukinga wakaazi wa nchi kame na njaa, unaojulikana kwa herufi HSNP, ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa serikali ya Uingereza, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Badala ya kuwapelekea watu magunia ya mahindi kila ukame unapoingia, ilionekana ni bora kuwapa fedha taslimu wanunue wenyewe wanachokihitaji. Katika awamu ya kwanza kila aliyeandikishwa alipewa kadi yenye kumbukumbu ndani yake, pamoja na alama za vidole vyake, akaenda kwa wakala wa Benki ya Equity, ambaye mara nyingi ni mwenye duka tu, na kuchukua shilingi 2,150 kila baada ya miezi 2. Katika awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2013, watu walifunguliwa akaunti za benki, na usimamizi ukawa wa Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame. Kiwango kikaja kupandishwa hadi shilingi 2,700 kwa mwezi, yaani 5,400 kila miezi 2. Katika awamu ya tatu mpango ukapanuliwa hadi Isiolo, Samburu, Garissa na Tana River.

Mimi naunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Gunia la mahindi humdhalilisha mtu: huwekwa foleni juani, akapewa asichokichagua. Fedha humpa mtu heshima ya kuchagua. Na ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023, ambapo misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo, uliwafundisha wafugaji somo chungu: mbuzi ni akiba nzuri, huzaa na kuongezeka, lakini mbuzi hufa, na hufa wote kwa pamoja. Fedha iliyo katika kadi haizai, lakini pia haifi kwa kiu.

Haifi kwa kiu, nasema, lakini huliwa. Na hili nalijua kwa sababu mimi mwenyewe nimeliwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na safari ya Maskati kuwatazama jamaa. Benki moja, sitaitaja, ikanishauri nisibebe noti nyingi bali ninunue kadi ya kulipia kabla, niijaze fedha, niitumie huko ugenini. Ushauri ulikuwa mzuri, na kadi ilifanya kazi. Niliporudi zilikuwa zimebaki shilingi 6,200. Nikaiweka kadi ndani ya kitabu, nikajiambia akiba haiozi. Baada ya miezi 18 nikaitoa nikitaka kulipia vitabu. Nikaambiwa zimo shilingi 3,500.

Nikaenda kuuliza kwa hasira, nikidhani nimeibiwa. Kijana wa kaunta akanionyesha, kwa upole kabisa, karatasi niliyotia saini mwenyewe. Mle ndani, kwa Kiingereza na kwa herufi za kumtafuta mtu kwa tochi, palikuwa na ada ya shilingi 150 kila mwezi, kadi itumike isitumike. Miezi 18 mara 150 ni shilingi 2,700. Ni kiasi kilekile cha fedha ya mwezi mzima ya yule mama wa Oldonyiro. Mimi nilikasirika kwa siku 2, kisha nikasahau. Kwake yeye kiasi hicho ni uji wa wajukuu.

Basi kama mtu aliyesoma, anayeandika magazetini, alitia saini jambo asilolisoma, ni nani atakayemlaumu mama asiyejua kusoma kwa kumpa mwenye duka nambari yake ya siri?

Hapa ndipo ninapokumbuka chuoni. Maalimu wetu alitufundisha, pamoja na Kurani, mambo ya mauziano, nasi tukayakariri bila ya kuyajali, maana tulikuwa watoto. Tulifundishwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haihusu pepo wala moto; inahusu kuandika deni. Inataka deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Tulifundishwa biashara ya salamu, yaani mnunuzi alipe leo na bidhaa aipokee baadaye. Na wanazuoni wakaikubali kwa masharti, kwamba sifa ya kitu ijulikane, kipimo chake kijulikane, na muda wake ujulikane. Kikikosekana kimojawapo, hiyo ni gharari, biashara ya gizani, nayo haifai.

Kadi ya kulipia kabla ina undugu na biashara hiyo: umetoa fedha leo, faida utaipata kesho. Basi masharti yake yawe yaleyale. Najua nini ninachonunua? Najua kitakatwa kiasi gani? Najua mwisho wake lini? Kampuni isiyoweza kuyajibu maswali hayo 3 kwa lugha ninayoifahamu inaniuzia samaki aliye bado baharini.

Sisemi haya kwa ajili ya Waislamu peke yao. Yule mama hakuwa Mwislamu, wala hana haja ya kuwa ndiyo apate haki. Wasamburu wana wazee wao wanaokaa chini ya mti kuamua nani anamdai nani mbuzi, na wafugaji, bila ya daftari, hawasahau rangi ya mbuzi waliyemkopesha mtu. Ninachosema ni kwamba watu wa nchi hii, wa bara na wa pwani, walikuwa na sheria za amana na deni kabla ya plastiki kuzaliwa. Tusizitupe kwa sababu tu kitu kimekuja na nembo inayong'aa.

Ama kuhusu mwenye duka, napenda nimtendee haki. Huenda si mwizi. Alikopesha watu wasio na chochote, wakati ambapo hata mbuzi wao walikuwa mizoga, na hofu yake ya kutolipwa ni hofu ya kila mfanyabiashara. Aliniambia, "Ustadh, kadi ndiyo rahani yangu." Na rahani si haramu, aya inayofuata ile ya deni inaitaja.

Lakini rahani ina adabu zake. Ukiweka rahani bangili ya dhahabu, mkopeshaji huitia sandukuni. Haivai kwenda nayo harusini. Mali iliyowekwa rahani bado ni ya mwenyewe, na mkopeshaji hajipimii humo apendavyo. Kadi pamoja na nambari ya siri si bangili. Hiyo ni funguo ya nyumba. Anayeishika huingia apendapo, hutoka na atakacho, na mwenye nyumba husubiri nje aambiwe kilichobaki. Inawezekana kwamba katika zile shilingi 5,400 hakuna hata senti moja iliyochukuliwa kwa dhuluma. Inawezekana pia zimechukuliwa 2,000. Ubaya wa mambo ni kwamba yule mama hana njia ya kujua, na mwenye duka hana njia ya kujitakasa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la upande mmoja ni nusu ya daftari.

Kuna kumbukumbu nyingine iliyonijia mbele ya ile droo. Wazee wetu walivishwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza: mwanamume Mwafrika abebe karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Watu waliichukia kwa sababu haikuwa kwa faida ya mbebaji, bali kwa faida ya bwana wake. Tajiri akikataa kukitia saini, mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Kipande kile kiliondolewa mwaka 1947, ingawa jina lake tungali tunalitumia hadi leo kwa kitambulisho. Kadi ya HSNP nayo ina alama za mtu, lakini ilikusudiwa iwe kinyume cha kipande: imfungue mtu, isimfunge. Ikiingia katika droo ya mwingine, inageuka kipande tena.

Sasa, msomaji anayetaka kuchukua kadi, awe Isiolo, Lamu au Nairobi, afanyeje? Mimi si mtu wa benki, lakini nimeumia, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, uliza: fedha ikiwa ndani ya kadi hii, iko kwa nani? Kenya ina sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2011, na kanuni zake za mwaka 2014, zinazotaka kampuni isiyo benki inayopokea fedha za watu kuziweka kando kama amana, zisichanganyike na mali yake yenyewe. Benki Kuu ndiyo msimamizi. Kwa hiyo muulize mwuzaji kama ana leseni ya Benki Kuu. Akikuchekea, mwachie kadi yake.

Pili, uliza kadi inakubaliwa wapi. Watu wa Nairobi hawajasahau mambo ya matatu. Mwaka 2013 ilianzishwa kadi ya BebaPay, kisha mwaka 2014 serikali ikataka abiria wote walipe kwa kadi. Haikufua dafu. Nauli ya matatu hupanda mvua inyeshapo, na utingo hutaka noti mkononi kwa sababu gharama zake nyingi za njiani hulipwa kwa noti. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Kinyume chake, watu wa Mathare walipowekewa mashine za maji za kadi mwaka huohuo, kadi ilikuwa na maana: mtungi wa lita 20 kwa senti 50, na fedha inamwagika papo hapo kwa umbo la maji. Na kule Dar es Salaam abiria wa kivuko cha Kigamboni wamezoea N-Card, kwa kuwa kivuko ni hichohicho na kadi ni hiyohiyo. Funzo ni kwamba kadi ni bora palipo na mlango mmoja unaojulikana. Kadi inayokubaliwa mahali usipopita ni pambo.

Tatu, uliza inakula nini. Usiulize bei ya kuinunua tu. Uliza ada ya kuijaza, ya kutoa fedha, ya kuuliza salio, ya mwezi, ya kupata nyingine ukiipoteza, na ya kubadilisha fedha za kigeni ukisafiri. Kisha jambo nililosahau mimi: uliza itakuwaje nisipoitumia. Ziandike hizo ada kwa mkono wako katika karatasi moja, uzijumlishe kwa mwaka mzima. Kadi ya bure yenye ada ya mwezi ni ghali kuliko kadi ya kununua isiyo na ada. Na kama unachotaka ni kununua kitu kimoja tu nchi za nje kupitia simu, huenda usihitaji plastiki kabisa. Tangu mwaka 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa isiyoshikika, yenye nambari tu, na fedha hubaki katika simu mpaka unapolipa.

Nne, uliza ikipotea nafanyaje. Papo nambari ya kupiga? Anayejibu anajua Kiswahili? Kadi ya mtu wa Oldonyiro ikipotea, na tiba yake iko Nairobi, basi hiyo imepotea kweli.

Tano, nambari ya siri ni yako peke yako. Siyo ya wakala, siyo ya mwanao aliye Nairobi, siyo yangu mimi niliyekusomea risiti. Mtu akikusaidia kuitia kwenye mashine kwa sababu hujui kusoma, jifunze tarakimu hizo 4 kwa umbo lake, kama unavyozijua alama za mbuzi wako. Mama anayetambua mbuzi wake katika kundi la mamia hashindwi na tarakimu 4.

Hayo ni ya mtumiaji. Lakini ni dhuluma kumtwika mtumiaji mzigo wote. Wanaotoa kadi nao wana wajibu. Naomba mambo mawili tu, na hakuna hata moja linalohitaji mtambo mpya.

La kwanza ni lugha. Kila kadi inayotolewa nchini itolewe pamoja na karatasi moja, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka, yenye ada zote na haki zote za mwenye kadi. Na pale ambapo watu hawasomi, isomwe kwa sauti, kwa Kisamburu, Kiturkana, Kiborana au Kisomali, hadharani siku ya soko. Wasituambie maneno hayapo. Amana ipo, rahani ipo, dhamana ipo, karadha ipo, ada ipo, salio lipo. Lugha yetu imefanya biashara na Bara Hindi na Arabuni kwa karne nyingi. Haitashindwa na kadi.

La pili ni deni. Sitaki mwenye duka akatazwe kukopesha, maana siku ukame utakaporudi, na utarudi, duka lake litakuwa karibu kuliko ofisi yoyote. Nataka droo itenganishwe na daftari. Deni liandikwe katika vitabu viwili, kimoja cha duka na kimoja cha mdaiwa, mbele ya shahidi anayeaminiwa na pande zote, awe mzee wa mtaa au mtoto wa shule kama yule msichana. Siku ya malipo mwenye kadi aje nayo mwenyewe, atie nambari yake mwenyewe, ahesabiwe fedha zote mkononi mwake, kisha alipe kilichoandikwa. Mwenye duka atalipwa vilevile. Tofauti itakuwa kwamba mama atakuwa amelipa, si amelipiwa. Na wakala atakayekutwa na kadi za watu drooni anyang'anywe mashine.

Nilimwambia mwenye duka maneno haya, si yote, lakini mengi yake. Alinyamaza. Kisha akaifungua ile mpira, akaitafuta kadi ya yule mama, akampa. Sitaki kujisifu, kwa maana kadi nyingine zote zilirudi drooni, na mimi niliondoka kesho yake.

Yule mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitia mfukoni. Alimwomba mjukuu wake uzi, akaifunga ndani ya kijifuko cha ngozi, akaivaa shingoni katikati ya ushanga. Kisha akaniuliza, kupitia kwa msichana, kama ile nambari yake ya siri, ambayo sasa watu wawili wanaijua, inaweza kubadilishwa. Nikamwambia inaweza. Akauliza wapi. Nikamwuliza mwenye duka. Akasema mpaka mtu aende Isiolo mjini.

Nauli ya kwenda na kurudi ingemla sehemu kubwa ya zile shilingi 700. Hapo ndipo mambo yalipo hadi leo, na hapo ndipo ninapowaachia wahusika.

Nami, kwa kuwa mshairi hana silaha nyingine, nilimtungia yule msichana ubeti mmoja aukariri na kumfasiria bibi yake:

Mwenye kadi tahadhari, uliza kabla kutwaa,
Ada zake zi dhahiri, au zatiwa hadaa,
Nambari yako ni siri, usipe hata jamaa,
Kadi kwa mwenye ni heri, dukani isijekaa.